Pasaka na Lushoto haziivi chungu kimoja

Ngoja nianze na hesabu ndogo, ambayo tungeipiga kabla ya kulipia gesti nisingekuwa na cha kuandika leo. Pasaka haina tarehe moja lakini haiji kabla ya 22 Machi wala haivuki 25 Aprili, iko hivyo miaka yote. Masika nayo, kwa mikoa kama Tanga, Kilimanjaro na huku kwetu Dar, yanaingia Machi na kutoka Mei. Sasa niambie, Pasaka itapita wapi isilowe?

Tulikuwa watu wazima watano, watatu wana digrii, na hamna hata mmoja aliyewaza hilo. Tuliwaza tu kwamba Ijumaa Kuu ni sikukuu, Jumatatu ni sikukuu, kwa hiyo siku nne za bure hizo twendeni Lushoto watoto wakaone milima. Hii ni Pasaka ya 2024, iliyoangukia 31 Machi. Dada yangu akafungua grupu la WhatsApp, akaweka ratiba mpaka na saa za kunywa chai, Jumamosi asubuhi Irente, mchana maporomoko ya Soni, Jumapili msitu wa Magamba. Ratiba nzuri kweli, ila hamna mstari hata mmoja wenye neno mvua.

Tukatoka alfajiri, watu tisa kwenye Noah moja (msiniulize tulikaaje), tukapita Bagamoyo tukatokea Msata kukwepa foleni ya Kibaha, Segera, Korogwe, mpaka Mombo. Mombo jua linawaka, joto la mkonge lile, watoto wanalia maji ya baridi. Ukikata pale kuanza kupanda ni kona juu ya kona, kilomita thelathini na kitu, na Lushoto mjini uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Tulipofika Soni vioo vimeshaingia ukungu, watoto wamenyamaza, na mama yangu kashatoa kitenge cha pili kwenye mkoba kajifunika bila kumsemesha mtu. Yeye ndiye pekee aliyebeba sweta. Wengine tulibeba miwani ya jua.

Mvua ilianza saa kumi jioni na sijui niseme iliisha lini.

Ukitulia wala si ajabu. Upepo unatoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu wake, unaikuta milima ya Usambara, ile iliko Lushoto, imesimama kama ukuta, hauna pa kupita basi unapanda, ukipanda unapoa, ukipoa unamwaga. Ndiyo maana kule kuna misitu, ndiyo maana kabichi na viazi na pichi na plamsi tunazonunua Kariakoo zinatoka kule. Yaani kile kile kilichotupeleka ndicho kilichotunyeshea. Mama mmoja jirani wa gesti alitupita na jembe begani, kalowa chapachapa, anacheka, kamsalimia mama yangu kwa Kisambaa "onga makeo" halafu akaanza kusifia maharage yake yalivyoshika. Shemeji yangu yuko barazani anailaani hali mbaya ya hewa. Nikajisikia aibu kidogo, si siri.

Irente tulienda Jumamosi hivyo hivyo, maana dada aliiheshimu ratiba kuliko afya zetu. Kwa asiyepajua, pale ni ukingo wa mlima, siku ya jua unasimama juu unaona Mazinde na tambarare lote kule chini mpaka macho yachoke. Sisi tuliona nyeupe. Tumepiga picha za familia pale na kila nikizitazama nacheka, nyuma hamna mlima hamna bonde, ni nyeupe tupu kama tuko studio tunapiga picha za pasipoti, tofauti tu ni kwamba wote tuna matope mpaka magotini.

Usiku umeme ukakatika, na hapa naomba usome kwa makini hata kama mengine umeyaruka. Baridi ilikuwa kali, mtoto wa dada anatetemeka, kijana wa gesti kwa roho safi kabisa akatuletea jiko la mkaa limekolea vizuri, na mume wangu akalipokea akaliingiza chumbani akafunga mlango ili joto lisitoke. Mama alifoka siku ile sijawahi kumsikia. Akalitoa jiko nje mwenyewe, kwenye mvua, kwa kitenge. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mnalala vizuri mnapata joto na hamuamki. Tukalala watoto wanne kitanda kimoja na bibi yao, blanketi tatu, na asubuhi wote tuliamka wazima. Kwa hiyo ukipanda milimani na watoto beba nguo, jiko libaki nje.

Ugomvi wenyewe sasa ulikuwa Jumatatu. Shemeji ana kikao Jumanne saa mbili, akataka tushuke usiku ule ule. Boda walikuwa wameshatuambia udongo umeshuka barabarani kuelekea Mombo, pikipiki zinajipenyeza lakini gari hapana. Yeye akasema boda wanapenda kutisha watu. Aisee nilimjibu vibaya na ninajua atasoma hapa, shemeji samahani kwa maneno ila kwa msimamo sikuombi samahani. Mlima uliokatwa upitishe barabara, udongo umenyonya maji siku tatu, giza, ukungu, kona zile, watoto wanne ndani ya Noah yenye tairi za mjini. Kwa kikao! Mama akamaliza kesi kwa kuchukua ufunguo wa gari kuuweka ndani ya blauzi. Tukacheza lasti kadi kwa mshumaa, tukala bada (ugali wa muhogo) na maharage, katapila likasafisha njia asubuhi, Dar tukaingia Jumanne usiku. Kikao kilifanyika bila yeye.

Kinachoniuma ni kwamba gesti tuliilipia bei ya sikukuu. Yaani tulitoa hela nyingi kuliko siku za kawaida ili tupate hewa mbovu kuliko siku za kawaida, na walioko kazini wote tunafanya hivi kila mwaka, kwa sababu likizo yenyewe tunaogopa kuiomba, tunasubiri serikali itupe Ijumaa na Jumatatu. Tunaambiwa tutembelee vivutio vyetu, sawa, ila tunavitembelea wakati vimejifunika shuka. Wageni wa nje wengi utawakuta Julai, Agosti, wao wamesoma kwanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo inatoa utabiri wa masika kabla hata hayajaanza, mikoa imetajwa, tahadhari za mvua kubwa zinakuja mpaka kwenye simu, na sisi tunazifowadi kwenye magrupu bila kusoma halafu tunaenda kufungasha kaptula.

Juni shule zinafunga. Kuna baridi Lushoto Juni, na ukungu wa asubuhi upo, sidanganyi, lakini barabara ni kavu. Kuomba siku tatu kazini hakujawahi kumuua mtu.

Juzi dada kaandika tena kwenye grupu: "Wapendwa, Pasaka tunaenda wapi?" Nikamjibu Lushoto, mwezi wa sita. Tiki zimeshakuwa za bluu zote. Mpaka sasa aliyejibu ni mama tu, kaweka kidole gumba.