Umeme Umevuka Mpaka, Fundi Bado Yuko Foleni

Mzee yule alinipungia mkono nisogee, nisiogope kelele. Tulikuwa Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, kwenye kiwanja cha mtambo wa kuchoronga visima vya jotoardhi, yaani mvuke wa moto wa chini ya ardhi unaozalisha umeme. Harufu ya mayai viza ilitanda kote, na mngurumo ulikuwa mkubwa hata ikabidi tusemezane sikioni. Akanionyesha mfereji ambao matope ya kuchorongea huurudia baada ya kuzunguka chini kisimani.

"Dada, macho yetu yako hapa," akasema. "Matope yakiacha kurudi, mgeni hushtuka. Sisi tunajua tumegonga ufa, na mvuke hupita kwenye ufa."

Mzee huyo amefanya kazi ya visima zaidi ya miaka ishirini, na amewahi kupelekwa kuchoronga Ethiopia. Anachokijua kuhusu matope, vipande vya mwamba na mtikisiko wa bomba sidhani kama kimeandikwa chote mahali popote. Kimo mikononi mwake, na karibu atastaafu.

Mimi ni mtu wa Mbeya. Utotoni tulipelekwa kutembelea chemchemi za maji moto za Songwe, mama akafunga mayai kwenye kipande cha kitenge, akayatumbukiza majini, tukayala yakiwa yameiva. Kwa hiyo habari kwamba chini ya ardhi yetu kuna moto si habari kwangu. Serikali nayo inajua. Kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi, TGDC, ilianzishwa mwaka 2013, na maeneo yanayopewa kipaumbele yanatajwa kila mara: Ngozi, Songwe, Kiejo-Mbaka, Natron, Luhoi. Lakini hadi ninapoandika hapa, Tanzania haijaingiza hata megawati moja ya jotoardhi kwenye gridi ya taifa. Wenzetu Olkaria waliwasha mtambo wao wa kwanza, wa megawati 15, mwaka 1981. Bonde la Ufa ni lile lile.

Sisemi kwamba nchi zetu hazishirikiani. Maporomoko ya Rusumo yana mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa. Tangu mwaka 2022 umeme wa mabwawa ya Ethiopia unaingia Kenya kwa njia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, kutoka Wolayta-Sodo hadi Suswa. Njia ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida imeunganisha gridi ya Kenya na yetu. Nafurahi kwa dhati. Ila nikisikiliza hotuba za viongozi wakikata utepe, nasikia habari za nguzo, nyaya na megawati. Za ujuzi nazisikia kwa nadra sana, na hapo ndipo ninapoona tunajipunja.

Chukua mfano wa Karisimbi. Mwaka 2013 Rwanda ilichoronga kisima chini ya mlima huo, kikafika zaidi ya mita 3,000, na joto lililotarajiwa halikuonekana. Kisima kirefu namna hiyo hugharimu mamilioni ya dola, na kwa nchi ndogo lile lilikuwa pigo zito. Wengi walilichukulia kama aibu ya kusahauliwa. Mimi nalichukulia kama somo lililokwisha kulipiwa. Mwamba uliopitiwa, joto la kila hatua, dalili za juu ya ardhi zilizowapa watu matumaini, yote hayo ni elimu ambayo mtaalamu anayeitazama Ngozi, au mwenzake wa magharibi mwa Uganda, angepaswa kuisoma kabla hajaomba hata senti ya kuchoronga. Hata Olkaria yenyewe ilianza kwa kukosa: visima viwili vya kwanza, vya miaka ya 1950, havikufaulu, na uchorongaji ukasimama mpaka miaka ya 1970.

Ndiyo maana nataka nchi za Bonde la Ufa ziwe na hazina moja ya kumbukumbu za visima, vilivyofaulu na vilivyokauka, iliyo wazi kwa kila mwanachama. Umoja wa Afrika na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, wana mfuko unaochangia gharama za uchorongaji wa majaribio tangu mwaka 2012. Fedha za umma zikichangia kisima, kumbukumbu zake nazo ziwe za umma.

Jambo la pili linanigusa zaidi, kwa sababu nimeliona nyumbani. Mpwa wangu ni fundi mchundo, kazi yake kuchomelea mabomba ya shinikizo kubwa. Alipata kazi ya miezi sita ng'ambo ya mpaka. Cheti chake kilikaa ofisini wiki kumi na moja kikisubiri kutambuliwa, hadi mwajiri akakata tamaa. Wahandisi wa Kenya, Uganda na Tanzania walitiliana saini ya kutambuana mwaka 2012. Mchomeleaji na mchorongaji wamesahaulika, na kisima hakichorongwi na mhandisi peke yake.

Kenya imejenga wataalamu wake kwa miaka mingi kwa kuwapeleka Iceland kwenye programu ya Umoja wa Mataifa, na nawashukuru Waiceland kwa ukarimu huo. Naivasha nayo imekuwa ikiandaa kozi fupi kwa wanajiolojia na wahandisi wa Afrika. Hatua inayokosekana ni ya chini yake: nafasi za mwaka mzima kiwanjani kwa vijana wa vyuo vya ufundi, wa Mbeya, Fort Portal na Gisenyi, wakiwa na mishahara na bima, wakisimama kando ya mfereji ule na wazee wanaojua kusoma matope. Lugha ya kufundishia wengi wao wanayo tayari.

Kabla sijaondoka nilimuuliza mzee amewafundisha vijana wangapi kutoka nje ya Kenya. Akafikiri kidogo. "Ethiopia wako watatu, wazuri sana," akasema. "Kutoka kwenu, dada, bado sijaletewa hata mmoja."