Latour ya 2010 na haki ya mwenye shamba kusubiri

Neno moja la Kiswahili linaieleza Château Latour ya 2010, mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, kuliko kurasa nyingi za wataalamu: ukakasi. Aliyewahi kung'ata bibo la korosho kabla halijaiva sawasawa anajua. Ulimi unakauka, fizi zinakaza, mate yanakwisha. Ndivyo ulivyokuwa mvinyo huu wa Pauillac, kijiji cha huko Bordeaux, ulipokuwa na miezi sita tu kwenye pipa la mwaloni, mweusi kama wino. Na ni katika hali hiyo hiyo ulipoonjwa, ukapewa alama, kisha ukauzwa dunia nzima mwaka 2011 kwa mamia ya euro kila chupa.

Mwaka uliofuata Latour ikasema imetosha. Aprili 2012 ilitangaza kwamba mavuno ya 2011 ndiyo ya mwisho kuuzwa yakiwa bado pipani, utaratibu ambao Wafaransa huuita en primeur. Kuanzia hapo mvinyo ungekaa kwenye ghala la shamba lenyewe hadi ufikie kunyweka. Lawama zilianza mara moja na hazijaisha hadi leo: kwamba ni tamaa, kwamba ni kiburi, kwamba tajiri François Pinault, mmiliki tangu 1993, anaficha mali ili bei ipande.

Walalamikaji wana hoja, na si ndogo. Biashara ya Bordeaux inapita mikono mitatu: shamba, dalali anayechukua takribani asilimia 2, na mfanyabiashara wa jumla anayesambaza. Huyu wa tatu amezoea kununua hata miaka mibaya ili asikose mgao miaka mizuri. Amebeba mabaya, sasa mazuri yamefungiwa ghalani. Yupo pia mnunuzi wa kawaida. Waliowahi mavuno ya 1982 yakiwa pipani walilipa bei ambayo leo inaonekana kama zawadi. Kisha 2013, Latour ilipoanza kutoa chupa za 1995 kutoka kwenye ghala lake, watu walilalamika kwamba chupa za mwaka huo huo zilikuwa tayari madukani kwa bei nafuu zaidi.

Lakini mlango huo wa nafuu wanaouombolezea ulikuwa umefungwa kabla Latour haijaugusa. Mavuno mawili makubwa, 2009 na 2010, yalifuatana wakati wanunuzi wa China wakigombea kila chupa ya daraja la kwanza, yaani ya mashamba matano ya juu kabisa, Latour ikiwamo. Bei zikapaa, kisha zikaanguka. Chukua mtu aliyelipia 2010 yake mwaka 2011. Chupa imemfikia miaka miwili baadaye. Sasa ni juu yake kuitunza miaka ishirini au zaidi, gizani, kwenye nyuzi 13 hivi, pasipo mtikisiko, na ghala linadai kodi kila mwaka. Kabla hata kizibo hakijaguswa, anakuta chupa ile ile inauzwa chini ya bei aliyolipa yeye. Muuzaji alishaweka fedha benki siku nyingi. Kungoja kote, na hasara yote, vimemwangukia mnywaji.

Uamuzi wa 2012 uliurudisha mzigo huo kwa mwenye shamba. Mavuno ya kwanza nje ya utaratibu wa zamani, ya 2012, yalitoka 2020. Miaka minane! Kwa muda wote huo mvinyo mkuu wa mwaka ule umelala, haujaingiza hata senti, huku mizabibu ikidai kupogolewa na wafanyakazi wakidai mishahara kama kawaida. Ni kweli, Pinault anaweza. Shamba dogo lenye mkopo haliwezi, na ndiyo sababu sitaki kila mtu amwige. Hata wale wanne wenzake wa daraja la kwanza, Lafite, Margaux, Mouton na Haut-Brion, wameendelea kuuza pipani. Ila uwezo wa kusubiri si kosa, ukitumiwa kwa kitu ambacho kweli kinahitaji kusubiriwa.

Na 2010 inahitaji. Kiangazi kilikuwa kikavu na usiku wenye ubaridi, hivyo zabibu zilipanda sukari bila kupoteza uchachu. Takribani asilimia 90 ya mvinyo ni Cabernet Sauvignon, zabibu ndogo ya ngozi nene, na moyo wa shamba ni l'Enclos, hekta 47 za kokoto juu ya udongo wa mfinyanzi karibu na mlango wa mto Gironde. Tanini, zinazoleta ule ukakasi, hushikamana polepole zenyewe kwa zenyewe na pamoja na rangi, zikawa nzito, zikazama chini ya chupa kama mashapo. Robert Parker, mhakiki maarufu wa mvinyo wa Marekani, aliupa alama 100, lakini alama hazifupishi kazi hiyo hata kwa siku moja.

Jambo jingine ambalo walalamikaji hulipita haraka ni njia ambayo chupa imepitia. Machi 2012, mwezi mmoja tu kabla ya tangazo la Latour, Rudy Kurniawan, muuzaji wa mivinyo adimu, alikamatwa California. Nyumbani kwake zilikutwa lebo, vizibo na chupa za kutengenezea mivinyo bandia ya Ufaransa, na mwaka uliofuata mahakama ya New York ikamtia hatiani. Tangu hapo mnunuzi mnadani huinua chupa kwenye mwanga, akaangalia mvinyo umeshuka kiasi gani shingoni, akakagua lebo, na bado hana uhakika. Chupa isiyowahi kutoka ghala la Latour haina maswali hayo. Ikiwa bei yake imezidi kidogo, mimi naona kilicholipiwa kinaonekana.

Za 2010 zimeshatawanyika, hazirudi. Aliye nayo leo aiache hadi 2030 kwa uchache. Akishindwa kabisa, aimimine kwenye jagi asubuhi, taratibu, na asiiguse hadi chakula cha jioni.