Ufahamu: uanze na maswali ama na kifungu?

Kuna hii mbinu walimu wengi wa tuisheni wanafundisha, na wazazi pia huko nyumbani, ati kwenye ufahamu usipoteze wakati na kifungu, soma maswali kwanza, chukua neno moja la swali, lisake kwenye kifungu, nakili sentensi iliyo hapo karibu, rukia swali linalofuata. Mimi nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne na nilikuwa naipinga kabisa, lakini nikikaa nikiifikiria naona ina sababu zake.

Angalia karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya. Saa mbili na nusu, alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimu jamii 10. Ukigawanya, ufahamu unapata kama dakika 28 hivi, ukizidisha hapo unakula muda wa sarufi yenye ndio nusu ya karatasi. Sasa mtoto anasoma polepole, nyumbani wanaongea Kikamba, Kiswahili anakipata darasani tu, utamwambia asome kifungu kizima mara tatu? Huyo mbinu inamsaidia, nimeona mwenyewe mtu wa alama tatu akifika nane.

Lakini siku moja niliwatungia kifungu kifupi, mama amegombana na mashemeji halafu "akafunga virago usiku ule ule". Swali la kwanza, mama alifanya nini? Darasa zima: alifunga virago. Nikaweka tiki. Swali la pili, kwa nini majirani walishangaa asubuhi? Hapo wakakwama, wengine wakaandika eti mama alikuwa bado amelala, manake hawakujua kabisa kuwa ameondoka. Ile alama ya kwanza waliipata bila kuelewa kitu na ni mimi niliwapa, na hiyo iliniuma sana.

Msamiati nao ndio mbaya zaidi. Swali linasema "kama lilivyotumika kwenye kifungu", hadithi ni ya wawindaji, mtoto hajaisoma, anakuandikia paa ni sehemu ya juu ya nyumba. Na ufupisho hauwezi kusakwa hivyo, unataka hoja zenyewe na idadi ya maneno umewekewa, kwa hivyo aliyezoea kusaka anaumia kwa alama zingine 15.

Sidhani ni uvivu wa watoto. Kwenye KCPE, ule mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, walikuwa wanachagua jibu kati ya A, B, C, D, na wale wa KCPE ya mwisho, ya 2023, ndio watafanya KCSE 2027, yaani tabia wamekuja nayo kutoka msingi.

Kwa hivyo mimi sasa nasema kifungu kwanza, mara moja, peni iko chini, dakika tano ama sita, halafu maswali. Yule mzito kabisa namwachia asake kwenye maswali ya moja kwa moja, ila kabla hajaandika lazima aniambie kwa mdomo wake nani amefanya nini na kwa nini, hata akichanganya na Kikamba sawa tu. Wazazi pia naomba hivyo, usimwekee kidole kwenye mstari wenye jibu, muulize hadithi inahusu nini, akishindwa kukusimulia funikeni maswali kwanza mrudi kwenye hadithi.