Ziwa Poyang, 1363: Upepo au Ukuta?

Ushindi wa Zhu Yuanzhang dhidi ya Chen Youliang, kiongozi wa waasi mwenzake, katika Ziwa Poyang kusini mwa China, uliomfungulia njia ya kuasisi nasaba ya Ming mwaka 1368, mara nyingi husimuliwa kana kwamba uliletwa na upepo. Simulizi hiyo ina msingi. Merikebu za Chen zilikuwa kubwa, zenye sitaha tatu na minara iliyovikwa chuma, na mapigano yalipoanza mwishoni mwa Agosti 1363 vyombo vidogo vya Zhu viliumia vibaya. Ndipo upepo ulipovuma kutoka kaskazini-mashariki, Zhu akatuma mashua zilizosheheni matete na baruti, juu yake wakiwa wamesimamishwa watu wa majani waliovishwa deraya, na moto ukazila merikebu za Chen zilizokuwa zimefungwa pamoja kwa minyororo. Isitoshe, Zhang Shicheng wa Suzhou, hasimu wa tatu, hakuivamia Nanjing, makao makuu ya Zhu, wakati Zhu yuko mbali. Anayeitaja bahati, basi, hakosei.

Hata hivyo, naona hoja hiyo inaanza kuhesabu siku kwa kuchelewa. Mwaka 1360 Chen aliuteka mji wa Taiping kwa kuegesha merikebu zake ukutani, askari wakapanda kutoka shetri moja kwa moja hadi juu ya boma. Alikusudia kurudia mbinu hiyo Nanchang, mji wa Zhu ulio karibu na ziwa, mwaka 1363, lakini Zhu alikuwa ameshaamuru ukuta wa upande wa mto urudishwe nyuma, mbali na maji. Minara ile mirefu ikakosa kazi, na Zhu Wenzheng, mtoto wa kaka yake Zhu, akaushikilia mji kwa siku 85.

Katika siku hizo Zhu alisahihisha kosa lake mwenyewe, kwani alikuwa amepeleka jeshi kaskazini kuuokoa mji wa Anfeng uliozingirwa, kinyume na ushauri wa Liu Ji, mshauri wake. Chen angeteremka moja kwa moja hadi Nanjing, huenda nasaba mpya ingekuwa yake. Badala yake aling'ang'ania Nanchang, hata Zhu akawahi kuufunga mlango wa ziwa pale Hukou. Mshale uliomuua Chen mwanzoni mwa Oktoba ulikuwa wa bahati, lakini ulimkuta akijaribu kupenya mlango huo, chakula kikiwa kimewaishia askari wake.