Papá Si Papa: Mkazo Kwanza, Tuni Baadaye

Inaniudhi kila ninapokuta wimbo wa Kihispania wa kwaya ya watoto ambamo corazón (moyo) linaimbwa kwa uzito kwenye "co" badala ya "zón". Mtunzi alikuwa na tuni yake tayari, akatafuta maneno ya kuijaza, silabi zikatosha, akaridhika. Watoto huimba walichoandikiwa, tena kwa moyo wote, na kosa la mtu mzima hubaki vinywani mwao miaka na miaka.

Sisi wenye barabara ya magari na kazi iliyofanywa barabara tunajua mkazo unavyoweza kugeuza neno. Papá ni baba. Papa, kwa Amerika ya Kilatini, ni kiazi. Canto ni "naimba", cantó ni "aliimba". Pigo zito likiangukia pa ya kwanza, mtoto hamwimbii tena baba yake. Wala tusidanganywe na irabu tano zinazofanana na zetu: ni kweli maneno mengi hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, lakini canción hukazwa mwishoni na pájaro mwanzoni.

Chukua mstari huu: La estrella duerme en el mar. Kwa maandishi ni silabi tisa. Kinywani ni saba, kwa sababu irabu zinazokutana kati ya neno na neno huungana: laes-tre-lla-duer-meen-el-mar. (Washairi wao wangehesabu mizani nane, maana mstari unaoishia kwenye silabi yenye mkazo huongezewa moja.) Mikazo iko kwenye tre, duer na mar. Ukiupanga kwa noti zinazolingana, mbili kwa kila pigo, ukaanzia juu ya pigo, uzito utaangukia laes, lla, meen na mar. Mapigo matatu kati ya manne yameangukia silabi zisizo na mkazo! Sasa uandike kwa sita kwa nane, yaani hesabu sita katika kila fungu, ya kwanza na ya nne zikiwa nzito: laes itangulie peke yake kwenye hesabu ya sita, tre ichukue ya kwanza na ya pili, lla ya tatu, duer ya nne, meen ya tano, el ya sita, kisha mar itue kwenye hesabu ya kwanza ya fungu linalofuata. Mstari unajiimba wenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kinanda, soma shairi kwa sauti mara kadhaa huku ukipiga makofi kwenye mikazo tu. Midundo ya makofi hayo ndiyo mifupa ya tuni. Na meen ipewe noti moja, fupi. Ukiipa mbili, watoto watakata sauti katikati na mstari utavunjika. Cielo nalo ni noti mbili, si tatu, na kama ya kwanza ni ndefu, sauti ikae kwenye e, isikae kwenye i. Lakini río ni mbili kamili: rí-o.

Nakubali, nyimbo za jadi za Kihispania zenyewe huhamisha mikazo mara nyingi. Lakini hizo huimbwa na watoto waliolala na kuamka na lugha hiyo. Masikio yao hurekebisha. Anayejifunza neno kupitia wimbo hana kingine cha kulinganishia.

Mengine ni mafupi. Tuni ikae zaidi kati ya Re iliyo juu ya Do ya kati na Do inayofuata. Ukipanda hadi Mi au Fa, pandia kwenye a au o, maana i ya niño hubana koo huko juu. Amua mapema kama z ya corazón itatamkwa s, kama Amerika ya Kilatini, au th ya thamani, kama sehemu kubwa ya Hispania, na uliandike hilo mwanzoni mwa noti. Sauti ya pili ianze kwa kufuatishana, yaani iimbe tuni ileile ikichelewa kidogo, au kwa kijifungu kifupi kinachorudiwa. Ukiiandika moja kwa moja sambamba chini ya ya kwanza, baada ya mistari miwili watoto wote watakuwa wamehamia juu.