Nani Amchagulie Mtoto Kitabu: Mwalimu au Mtoto Mwenzake?

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga, ambao bila shaka hawakuwahi kuliona kabati la vitabu la shule ya msingi ya Uganda. Mara nyingi kabati hilo limo ofisini mwa mwalimu mkuu, lina kufuli, na ufunguo wake unakaa kwa mtu mmoja ambaye leo ameitwa wilayani kwa mkutano. Kitabu kilichomo humo, hata kiwe chema namna gani, hakiwezi kujiuza. Kinahitaji mtu wa kukipigia debe, na walimu, wazazi na wakutubi hawajakubaliana iwapo kazi hiyo waachiwe watoto wenyewe: msichana wa P6, yaani darasa la sita la shule ya msingi, asimame mbele ya wenzake aeleze ni kitabu gani kimemkosesha usingizi, au kijana wa S2, mwaka wa pili wa sekondari, aandike katika daftari la maktaba ni kipi wenzake wakitafute, na kwa nini.

Wanaounga mkono jambo hili wana hoja kadhaa, na iliyo nzito zaidi ni kwamba mtoto anakijua kitabu kwa namna asiyokijua mtu mzima. Mzazi anayemnunulia mwanawe kitabu hukumbuka alichokipenda yeye miaka thelathini iliyopita, au husoma maneno ya jalada la nyuma na kuyaamini. Mtoto aliyekimaliza kitabu juzi anajua mahali kilipo kigumu. Atamwambia mwenzake avumilie kurasa kumi za mwanzo maana zinachosha, atamtahadharisha kwamba majina ya wahusika wawili yanafanana na ni rahisi kuwachanganya, na atamsihi asikisome usiku akiwa peke yake. Mwalimu hawezi kutoa maelekezo ya aina hiyo, kwa kuwa ni vigumu kwake kukiri mbele ya darasa kwamba kitabu kilichonunuliwa na shule kinachosha.

Zaidi ya hayo, jambo lenyewe si geni. Katika shule za bweni, ambako kwa kawaida wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, kitabu kizuri kimekuwa kikizunguka kitanda kwa kitanda tangu zamani, kikisomwa kwa tochi chini ya blanketi baada ya taa kuzimwa, na foleni ya wanaokingojea ikijulikana na kila mtu bwenini isipokuwa metroni. Wazazi wengi wa leo walipokezana hivyo vitabu vya Barbara Kimenye kuhusu Moses, mvulana wa shule ya bweni asiyeishiwa vituko, vilivyoanza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960. Hawakuvisoma ili wajibu maswali ya mtihani. Walivisoma kwa sababu rafiki yao alikuwa akicheka peke yake na hakutaka kusema anacheka nini.

Wanaopinga nao hawastahili kupuuzwa, ingawa hoja wanayoitanguliza ndiyo iliyo dhaifu zaidi. Wanahofia kwamba watoto watasifiana vitabu visivyofaa umri wao, vya mapenzi ya watu wazima au vya umwagaji damu. Hofu hiyo ina ukweli, lakini vitabu hivyo huzunguka hata pasipo idhini, na mtoto anayetaja hadharani anachosoma ni rahisi kumwongoza kuliko anayekificha chini ya godoro. Hoja yao iliyo nzito ni nyingine, nayo huitaja kwa nadra. Wanaosimama kusifia vitabu ni wale wanaosoma kwa ufasaha. Tathmini za Uwezo, shirika linalopima usomaji na hesabu za watoto, zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa Uganda hufika madarasa ya juu ya shule ya msingi wakiwa hawawezi kuisoma vizuri hadithi ya kiwango cha P2. Mtoto wa namna hiyo akisikia darasa zima likikisifu kitabu, akakiazima kwa hamu, akakwama ukurasa wa pili, hasemi kwamba kitabu ni kigumu. Anajiona yeye ndiye mjinga, na anakirudisha kesho yake akidai kwamba amekimaliza. Sifa za wenzake zimemfungia mlango uleule zilionuia kumfungulia. Hapo mwalimu anayemjua kila mwanafunzi wake kwa uwezo ana kazi ambayo haiwezi kufanywa na rika.

Lipo pia suala la kufuata mkumbo. Shule yenye watoto mia tisa na vitabu vya hadithi visivyozidi sitini itajikuta ikisifia vitabu vitano vilevile muhula baada ya muhula, kwa sababu mtoto hawezi kupendekeza asichokifikia. Wenye maktaba nyumbani, hasa watoto wa shule za gharama za Kampala, watapendekeza vitabu vinavyotoka ng'ambo. Kwa mtoto wa Yumbe au Kaabong, wilaya za mbali za kaskazini, pendekezo la kitabu kisichopatikana wilaya nzima halitofautiani sana na tangazo la bidhaa. Uganda ilipofunga shule tangu Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, ilidhihirika jinsi mnyororo wa kuazimana vitabu unavyotegemea shule: lango likifungwa, na mnyororo umekatika.

Hata hivyo, tishio kubwa kwa mapendekezo ya watoto, kwa maoni yangu, halitoki kwa wanaoyapinga. Linatoka kwa wanaoyapenda mno kiasi cha kutaka kuyatia maksi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, unaipa tathmini ya darasani asilimia 20 ya matokeo ya mwanafunzi, na kishawishi cha kuligeuza kila zoezi kuwa alama ni kikubwa. Nimewahi kusoma rundo la insha za wanafunzi zilizoombwa kwa kichwa "Kitabu Ninachokipenda". Karibu zote zilimalizika kwa sentensi moja, kwamba kitabu hiki kinatufundisha kuwatii wazazi na kufanya kazi kwa bidii, na mojawapo ilihusu hadithi ya sungura laghai aliyefanikiwa katika kila hila yake. Mtoto yule hakumwandikia mtoto mwenzake. Alimwandikia mwalimu, na mwalimu akampa nane juu ya kumi. Pendekezo la kweli linamtazama msomaji mwingine machoni. Likishaanza kumtazama msahihishaji, linakuwa insha tu, na watoto huitambua tofauti hiyo upesi kuliko sisi.

Kwa upande wa Kiswahili hali ina utata wake. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto wengi bado hukutana nacho kama somo: ngeli, methali za kukariri, ufahamu wenye maswali matano. Kwa kuwa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa miaka mingi umekuwa wa masomo manne, yaani Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii, shule nyingi zimekiweka pembeni. Mimi naona kwamba unyonge huo una baraka ndani yake, kwa sababu kitabu cha hadithi cha Kiswahili ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo mtoto wa Uganda anaweza kuvisoma pasipo mtu kumuuliza amepata ngapi. Wapo pia wa kuvipigia debe. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, watoto waliotoka Kongo huongea Kiswahili uwanjani kutwa nzima, na huko kwenye miji ya Arua na Bombo kuna familia ambazo lugha hii haiwapigi chenga. Mtoto wa Kikongo aliyezoea kusahihishwa Kiingereza chake akipewa nafasi ya kuwaeleza wenzake wa Isingiro hadithi aliyoisoma kwa Kiswahili, kwa mara moja yeye ndiye anayejua. Kinachokosekana ni vitabu vyenyewe, na hilo ni deni la wachapishaji na la Wizara ya Elimu. Mapendekezo ya watoto hayawezi kulilipa.

Kwa hiyo nawaunga mkono watoto, kwa masharti. Mtu mzima aache kuchagua kitabu cha kusifiwa, ashughulike na kulijaza kabati, kulifungua, na kumketisha kando yule anayesoma polepole ili ampe kitabu anachokiweza bila kumtangaza. Daftari la mapendekezo likae wazi kando ya vitabu, lisisahihishwe tahajia wala lisipewe maksi. Na lipokee pia maneno ambayo shule zetu hazijayazoea, kama vile ya msichana anayeandika kwamba kitabu hiki hakukipenda, alikiachia ukurasa wa ishirini, na atakayefika mwisho amwambie kama yule mbuzi alipatikana.