Ukienda kununua pikapu Tanga, lala chini ya chasisi kwanza

Swali la kwanza la mtu anayetafuta pikapu ya dizeli hapa kwetu huwa ni moja: imetembea kilomita ngapi? Akiambiwa 320,000 anaondoka. Akiambiwa 140,000 anaanza kuhesabu pesa. Naona swali hilo linawaumiza watu wanaohitaji gari la kazi kwelikweli: wachuuzi wa samaki, wakulima wa machungwa wa Muheza, wanaopandisha saruji vijijini. Injini ya dizeli iliyobadilishwa oili kwa wakati na kupewa mafuta safi hupita kilomita 400,000 na bado ikavuta. Tena ikichoka hufunguliwa, ikatiwa ringi na beringi mpya, ikarudi kazini. Chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikioza haina dawa hiyo, na kwa mji wa pwani kama wetu huko ndiko hatari iliko.

Nianze na hiyo namba yenyewe. Pikapu ya miaka 15 yenye kilomita 140,000 imetembea kama kilomita 26 kwa siku. Gari la kazi linalokwenda kilomita 26 kwa siku lipo, ila mwenyewe atakuwa na la kukueleza, na kumbukumbu za sevisi zitamuunga mkono. Asipokuwa nazo, shuku kwamba mita imerudishwa nyuma, na tazama vitu ambavyo hakuna anayehangaika kuvirudisha nyuma: mpira wa pedali ya klachi, ukingo wa siti ya dereva upande wa mlangoni, usukani pale mikono inaposhika, bawaba za mlango wa dereva. Pedali ikilika mpaka chuma kinaonekana, dashibodi isikudanganye. Binafsi namwamini zaidi muuzaji anayesema wazi 320,000 na kunionyesha risiti za vipuri kuliko anayenihakikishia kwamba "injini haijaguswa".

Sasa chasisi. Hewa ya bahari peke yake inakula chuma, na juu yake kuna kazi ambazo pikapu za huku hufanya. Gari linalobeba samaki kutoka soko la Deep Sea hubeba pia barafu na maji ya chumvi, na maji hayo huchuruzika kupitia matundu ya bodi mpaka kwenye chasisi, asubuhi baada ya asubuhi. Linalofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi hali yake ni mbaya zaidi. Halafu kuna pikapu zilizoletwa zikiwa zimetumika Uingereza, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Hizo zinafika bandarini na kutu tayari, kisha sisi tunaziongezea ya kwetu. Nissan Navara D40 zimejulikana kulekule Uingereza kwa chasisi kukatika katikati. Na anayesema Toyota haiozi akumbuke kwamba mwaka 2016 Toyota ilikubali kulipa hadi dola bilioni 3.4 nchini Marekani kumaliza kesi ya kutu ya chasisi za Tacoma, Tundra na Sequoia. Jina la kampuni halizuii chumvi.

Kwa hiyo tafuta gereji yenye shimo, au lala chini na tochi na nyundo ndogo. Gonga chasisi yote, upande wa kulia na wa kushoto, na ukawie pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinapofungwa. Ndani ni tupu, matope huingia, matundu ya kutolea maji huziba, na chuma huoza kutoka ndani huku nje kikiwa bado na sura. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo inazama. Ukikuta rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu, uliza kwa nini imepakwa wiki hii. Ukikuta bati limechomelewa kama kiraka kwenye chasisi, mimi ningeaga hapo hapo, hata injini iwe tamu kiasi gani. Gari linalobeba tani moja na abiria wawili halipaswi kushikwa na kiraka.

Nenda na fundi wako, si yule aliyepo tayari pale kwa dalali. Na umlipe kabla hajaligusa gari, ajue kuwa hata akisema "acha" pesa yake ni ileile. Fundi anayesubiri chochote biashara ikikamilika ana sababu ya kunyamaza, na simlaumu; ni sisi wanunuzi tunaomweka kwenye mtego huo kwa kumwambia "tutaonana tukimaliza".

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha weka kiganja juu yake uhakikishe. Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wa Tanga hawalifikirii: joto letu linaficha ubovu. Dizeli haina plagi za cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Kompresheni, yaani nguvu ya kuibana hewa hiyo, ikishapungua, asubuhi ya baridi ndiyo inayoumbua injini, na sisi asubuhi hiyo hatuna. Pikapu inayowaka vizuri Ngamiani, hapa mjini, inaweza kugoma Lushoto milimani mwezi wa saba. Kwa hiyo kuwaka upesi huku kwetu si ushahidi mkubwa. Sikiliza dakika za mwanzo: je, inatikisika kwa kukosa silinda moja? Moshi mweupe unakata injini ikipata joto, au unaendelea? Ukiendelea na maji ya rejeta yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweusi mwingi ni dizeli kuzidi hewa, na chanzo chake kinaweza kuwa kichujio cha hewa cha bei ndogo au nozeli zinazopuliza dizeli na tabo (turbo) inayosukuma hewa ndani ya injini, vyote vya bei kubwa.

Ikiwa inanguruma, legeza kifuniko cha kumiminia oili. Mvuke kidogo ni kawaida. Moshi ukisukuma kwa mapigo mpaka kifuniko kinarukaruka, injini "inapumua" kama mafundi wanavyosema, maana yake ringi au silinda zimelika. Chomoa na kijiti cha oili. Oili nyeusi isikutishe, ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Ya kukimbia ni ile yenye rangi ya chai ya maziwa, kwani maji yameingia.

Kwenye Toyota Hilux za Vigo zenye injini ya 1KD, lita 3.0, kuna swali moja la lazima: zile pete za shaba chini ya nozeli zimebadilishwa lini? Zikivuja, gesi ya mwako hupenya kwenye oili, masizi hujikusanya na kuziba kichujio cha kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na injini hukosa oili ghafla. Kazi ndogo ikipuuzwa inaua injini nzima. Uliza pia mkanda wa taimingi, maana ukikatika vali hukutana na pistoni. Asiyejua ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa na bei ishuke kwa kiasi hicho. Kwa mtu anayeishi mbali na mji, bado napendelea injini ya 5L ya Hilux za zamani au 1HZ ya Land Cruiser. Ni nzito, haina mbio, lakini pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika na fundi wa Maramba au Mkata anaweza kuifungua bila kompyuta.

Usijaribu gari kwa kuzunguka barabara za mjini tu. Tanga ni tambarare, kila gari linapendeza. Weka mifuko 20 ya saruji, ambayo ni tani moja, uende Muheza na upandishe njia ya Amani. Mlimani ndiko mshale wa joto unakoanza kusogea, tabo kupiga mluzi usio wa kawaida, na klachi iliyokwisha kupandisha mzunguko wa injini bila mwendo kuongezeka. Muuzaji akikataa katakata, hata ukijitolea kulipia mafuta, amekwisha kukujibu. Tia na gia ya mlima wakati huohuo, wengi hugundua kwenye tope kwamba haiingii. Matairi, rangi na redio sitakupotezea muda navyo, vinanunulika.

Mwisho, karatasi. Namba ya chasisi kwenye Hilux imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele karibu na tairi. Safisha kwa brashi uisome mwenyewe na uilinganishe na kadi ya gari, herufi kwa herufi. Nakala ya kadi haitoshi, kwa kuwa kadi halisi inaweza kuwa imewekwa dhamana ya mkopo mahali. Jina lililo kwenye kadi liwe la mtu aliye mbele yako, au awe na mkataba unaofika mpaka kwa mwenye jina. Angalia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, na usikubali kumalizia malipo kabla hamjashughulikia uhamisho wa umiliki TRA.